PS4 Slim ya mitumba, mashine inayolipa kodi Kaptembwo

Mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kuanzia biashara ya gemu hapa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, namwambia PS4 Slim iliyotumika, yaani PlayStation 4 ya Sony ile ndogo, yenye mdomo wa diski, pamoja na pedi mbili za asili, vile vishikio vya kuchezea. PS5 aiache kwanza. PS3 ya bei ya kutupa asiiguse, hata muuzaji akimwapia. Naandika haya mashine nne zikinguruma nyuma yangu, tatu kati yake zikiwa Slim, na kijana mmoja akidai kwamba bao alilofungwa lilikuwa la ofsaidi, ila televisheni yangu ni ndogo ndiyo maana hatukuona.

Kabla ya gemu niliuza nguo za mitumba, na hadi leo gemu zenyewe sichezi. Vijana wananiita Mathe. Pedi naijua zaidi ikiwa imefunguliwa juu ya meza kuliko ikiwa mkononi. Kwa hiyo anayetafuta sifa za picha kali na hadithi za kutoa machozi atafute kwingine. Mimi mashine naipima kwa kile inachoingiza kabla haijaaga dunia.

Kipimo hicho kimenigombanisha sana na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Wikendi akija kunishikia kibanda, badala ya kukusanya pesa anafungua baraza la ubishi na wateja: ni konsoli gani, yaani mashine gani ya gemu, iliyofaulu kuliko zote? Yeye amekariri takwimu kama sala. PS2, zaidi ya milioni 155. PS4 zaidi ya milioni 117. Wii ya Nintendo zaidi ya milioni 101. PS3 milioni 87, Xbox 360 ya Microsoft milioni 84. Wii U ya mwaka 2012, milioni 13 na nusu, hiyo ilizama. "Anti, hesabu ni hesabu," ananiambia. "Aliyeuza nyingi ndiye mshindi, mengine ni maneno."

Nikamuuliza, zimeuzwa kwa nani? Maana mara nyingi namba ambazo kampuni hutangaza ni za mashine zilizotoka ghalani kwenda kwa wenye maduka. Mimi nimeuza mitumba. Belo likishafika kwangu, aliyeniletea amepata chake na kwake hilo limeuzika. Lakini nikilifungua nikute makoti mazito ya Ulaya na ni Januari ya jua kali, mimi ndiye ninayelala nalo. Mpwa wangu akajitetea kwamba mashine ikikaa sokoni miaka saba tofauti hiyo inapungua, kwa sababu duka haliagizi tena kitu ambacho hakijatoka. Hapo ana haki. Lakini majigambo makubwa hutolewa miezi ya kwanza, wakati mashine nyingine bado ziko rafuni.

Na wakubwa wenyewe hubadilisha kipimo kikiwachoma. Xbox One ilipoachwa nyuma na PS4, Microsoft mwaka 2015 waliacha kutangaza idadi ya mashine zilizouzwa, wakahamia kwenye idadi ya watu wanaoingia Xbox Live, mtandao wao wa gemu, kila mwezi. Baadaye ikawa ni Game Pass, uanachama wa kulipia gemu kila mwezi, na Februari 2024 wakasema wamefikisha wanachama milioni 34. Mpwa wangu anaona hayo ni maendeleo: siku hizi sanduku si hoja, hoja ni mtu anayelipa kila mwezi. Mimi nilicheka tu. Kulipia gemu kila mwezi kwa kadi na kuzishusha kwa intaneti ya kununua kwa bando ni mambo ya mtu mwenye sebule yake na waifai yake. Kaptembwo mtu analipa mechi moja, anashindwa, anakopa ya pili.

Lakini kwa kunipeleka kwenye hesabu ya watu wa kila mwezi, kijana alinipa rungu la kumpigia. Mwaka huohuo wa 2024 Sony walionyesha wawekezaji wao kwamba PS4 ilikuwa na watumiaji milioni 49 kwa mwezi, na PS5 milioni 49 vilevile. Tafakari hapo. Mashine iliyotoka Novemba 2013, ikaletewa mrithi Novemba 2020, na zaidi ya miaka mitatu baadaye bado ilikuwa sawa na mrithi wake. Mimi sikuhitaji mwekezaji kuniambia hilo, nalisikia kwenye droo ya pesa.

Na hata hiyo milioni 49 haitujui sisi. Mashine zangu zilinunuliwa mara ya kwanza Uingereza, na huko ndiko zilikohesabiwa. Zilipofika hapa zikiwa zimetumika hakuna aliyeziandika popote. Akaunti nilifunguliwa na mpwa wangu, kwa hiyo kule Sony vijana wote wa mtaa huu, wa boda, wa saluni, wa kinyozi, wale waliomaliza kidato cha nne wakisubiri kuitwa kokote, ni mtu mmoja ambaye halali, anashabikia Arsenal na Manchester United kwa wakati mmoja, na anajifunga mwenyewe kila Jumamosi. Kule kwingine mashine moja ni ya mtoto mmoja chumbani kwake. Hapa mashine moja ni ya kata nzima. Ukitaka kujua konsoli ipi ilifika mbali, hesabu mikono iliyoshika pedi, na hiyo takwimu hakuna mtu aliye nayo.

Basi mimi nina kipimo changu kimoja, na ndicho ninachomwambia kila anayetaka kuanza: mpira wa mwaka huu unaingia humo?

Biashara hii ni mpira. Zipo gemu za magari na za kupigana, na kuna mmoja huja kila Jumatatu kucheza GTA peke yake kwa saa moja, lakini kinacholipa kodi ya kibanda ni ile gemu ya kampuni ya EA, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa FC na ambayo vijana wataiita FIFA mpaka kiama. Wanataka vikosi vya sasa. Mbappé alipohamia Real Madrid mwaka 2024, kijana alinikatalia katakata kucheza toleo ambalo bado lilikuwa na Mbappé yule wa Paris. "Mathe, huyo si huyo," akaniambia, akaenda kwa jirani. Shilingi zangu zikaenda naye. (Kwamba humo ndani hakuna Gor Mahia wala Ulinzi Stars, timu ambayo wengine wetu tuliitazama uwanja wa Afraha kwa macho yetu, hilo halimkoseshi mtu usingizi. Mimi linaniuma kidogo.)

Sasa chukua kipimo hicho uzipitie mashine. Nilianza na PS2 mbili, zimechipiwa zisome diski zisizo za asili, na sidii za kuchomwa nilizonunua kwa bei ya soda. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000. Sony waliacha kuitengeneza mapema mwaka 2013, na bado, Septemba mwaka huohuo, FIFA 14 ilitoka ikiwa na toleo la PS2. Miaka 13 mashine ikipokea mpira mpya! Hata baada ya hapo vijana wenye kompyuta walikuwa wakipachika majina mapya kwenye mpira wa zamani na kutuchomea, kwa hiyo PS2 ikaendelea kula miaka mingine ambayo mwenyewe hakuipangia. Mpwa wangu anasema PS2 iliuza gemu zaidi ya bilioni 1.5 na huo ndio ushahidi. Hizo bilioni moja na nusu hazina hata moja iliyochezwa kwangu. Zangu zote zilikuwa za kuchomwa. Kwa daftari la Sony, PS2 zangu zilikuwa mashine ambazo hazikuwahi kununuliwa gemu, na mle mle ndimo walimojifunzia kupiga pasi wanaume wazima ambao leo wananilipa kwa PS4.

PS3 ilinipa somo la aina nyingine. Huko kwao ilianza kwa tabu, bei ya dola 499 na 599 mwaka 2006, kila kipande kikiuzwa kwa hasara, na idara ya gemu ya Sony ikapoteza yeni bilioni 232 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007. Lakini kwangu ilifanya kazi vizuri tu hadi FIFA 19, iliyotoka Septemba 2018. Hiyo ndiyo ikawa ya mwisho kwa PS3 na kwa Xbox 360 pia. FIFA 20 ilipotoka bila kuzijali, mashine hazikuharibika, hazikuzima, hazikufanya kosa lolote. Zilikosa wateja tu. Nikamuuzia mtu wa Molo, ambako nasikia bado zinampa ya mboga.

Wii sitaki kuizungumzia sana. Kuna jamaa aliniletea moja kutoka Marekani niijaribu. Milioni 101 ziliuzwa, na nakubali kwamba kwa nyumba zenye bibi na wajukuu ilikuwa kitu. Kibanda changu kina upana wa mtu kunyoosha mikono. Weka vijana wawili humo wakipunga vishikio hewani, maana ndivyo Wii inavyochezwa, halafu weka televisheni yangu mbele yao. Niliirudisha.

Kuna watakaosema kipimo cha kweli ni faida. Mpwa wangu akiishiwa na mengine hukimbilia hapo, nami simkatalii: Xbox 360 iliuzwa mamilioni, lakini ile taa nyekundu ya mviringo, dalili kwamba mashine imekufa, iliwalazimu Microsoft mwaka 2007 kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo na kuongeza udhamini hadi miaka mitatu. Mwaka 2021 ofisa wao alieleza mahakamani kwamba hawajawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Pesa inatoka kwenye gemu, ambako kampuni yenye mashine hukata karibu asilimia 30. Haya, mimi diski nanunua zilizotumika, kwa hiyo huko juu sipeleki hata senti. Kwa hesabu ya faida mimi ni mteja wa bure kabisa. Silii.

Turudi kwenye Slim, maana ndiyo niliyokuja kuisema.

Ilitoka Septemba 2016 na ni ndogo, kitu cha maana kwa mtu anayefunga kibanda usiku na kubeba mashine zote kwa begi. Umeme ndio unaotofautisha zaidi. PS4 ya kwanza ilikuja na pawa ya hadi wati 250, PS3 ile nene wati 380, Slim ni 165, na mpira hauifikishi huko. Nilipobadilisha mashine, tokeni za stima zilianza kukaa. Wachezaji wawili wakikaa benchi moja hawahitaji intaneti wala uanachama wa kulipia. Unaweka diski, inasoma, mpira unaanza. Hapo ndipo ninapomkatalia kila anayenishawishi nichukue Xbox Series S kwa sababu ni ndogo na bei yake ni nzuri. Haina mdomo wa diski. Kila gemu utanunua mtandaoni kwa bei ya dukani, na mpira ukipitwa na wakati huwezi kumuuzia mtu wa Molo.

Shida zake nyingi zinatokana na Nakuru na sisi wenyewe. Vumbi la huku likiingia kwenye feni, mashine inaanza kulia kama posho mill, na mteja anaongeza sauti ya televisheni, na jirani anakuja kulalamika. Dawa ni bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi isiyowahi kutumika, na subira. Ukifungua mfuniko utaona feni imevaa sweta la kijivu. Isugue taratibu huku umeishika isizunguke, kisha angalia vile vibati vyembamba vya kupoza joto nyuma yake; vumbi linaloua liko hapo, limejazana kama zulia, na hulioni mpaka umulike kwa tochi ya simu. Kama mashine imekaa muda mrefu bila kufunguliwa, mpe fundi abadilishe na ile pesti ya kijivu juu ya prosesa. Usimpe fundi wa redio.

Stima ikipotea ghafla, ikirudi Slim huanza kwa kukagua hifadhi yake kabla ya kukuruhusu kuendelea. Hiyo ni sawa, inajilinda. Kinachonitisha ni stima inayorudi kwa kishindo, kwa hiyo kila mashine ina gadi yake ukutani ya kuikinga na umeme mkali. Hifadhi yenyewe ya ndani, ikichoka, unaibadilisha bila kufungua mashine yote: kuna kifuniko kidogo kwenye kona ya nyuma, unakivuta, skrubu moja, imetoka.

Pedi ndizo zinazokula faida. Kila mtu huogopa stiki kulegea, mchezaji akaanza kutembea mwenyewe kwenda kona kama aliyetumwa, na ndiyo, hutokea. Lakini kwangu kinachotangulia kufa ni tundu la chaji. Ni lile dogo la simu za zamani, na halikutengenezwa kwa kibanda ambacho waya unachomolewa na kuchomekwa kutwa nzima na watu wenye hasira ya kufungwa. Wengi wakiona pedi haichaji wanaitupa au wanauziwa feki. Fungua. Lile tundu limekaa kwenye kibao chake kidogo, kimeunganishwa na bodi kubwa kwa utepe mwembamba. Unatoa skrubu nne za nyuma, unaachanisha maganda mawili polepole bila kukata waya wa betri, unachomoa utepe, unaweka kibao kipya. Kipuri ni bei ya sahani ya pilau. Hata mimi niliyeishia kushona vifungo vya nguo nakifanya.

Kuhusu mapato sitawadanganya. Mechi ni Sh20, dakika nne kila kipindi, anayeshindwa ndiye anayelipa, ndiyo maana makelele hayaishi: kila bao ni pesa ya mtu. Siku nzuri mashine moja inaweza kunipa Sh800, siku ya mvua nusu yake, na Ligi ya Mabingwa ikiwa kwenye baa na vibanda vya video unakaa na mashine zako mkitazamana. Ukitoa kodi, stima na leseni ya kaunti, Slim ya kwanza ilijilipa kabla ya shule kufunguliwa muhula uliofuata. Na kwa habari ya shule: sare haiingii kwangu, mchana wowote, hata mtoto aje na pesa ya mwezi. Hilo halina mjadala.

PS5 nitanunua lini? Mpwa wangu hunisukuma kila akija. Jibu langu ni lilelile: siku EA watakapotoa mpira usio na toleo la PS4. Mteja wangu hatalipa Sh50 kwa mechi kwa sababu nyasi zinaonekana vizuri zaidi. Atalipa akiona usajili mpya uko kwa jirani na kwangu haupo. Mpaka FC 25 PS4 haikuachwa nje, na diski yake iliyotumika ilinipatia pesa msimu mzima.

Ukienda mjini kununua, usikubali kuonyeshwa menyu tu na kuambiwa "iko poa". Mulika tundu la HDMI, lile la waya wa televisheni, kwa tochi uone kama vyuma vya ndani vimekaa sawa, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi za mitumba huumia safarini. Ingiza diski na kuitoa mara kadhaa. Weka mpira uache uchezwe nusu saa nzima huku mkono wako uko nyuma ya mashine. Ikianza kuunguruma kabla ya mapumziko ya kipindi cha kwanza, inahitaji kufunguliwa, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa. Kuna duka moja, silitaji, lilinipa pedi za feki ndani ya boksi la asili. Siku hizi nazishika kwanza kabla sijatoa simu ya kulipa, maana feki ni nyepesi na kitufe cha kati hakibonyezeki vizuri. Mwezi uliopita Slim za hifadhi ya GB 500 nilizoziona zilikuwa kati ya Sh22,000 na Sh27,000, na kwenye ile ya Sh22,000 pedi ilikuwa moja.